Mahindi Penye Mikulo

Mwaka ule Wadachi walipoanza kuipima milima, Mwanaasha alikuwa hainuki tena kitandani. Kifua kilimkamata tangu masika, na kila mtu katika vitongoji vya juu ya Mlali alijua kwamba hapo hakuna kupona, ni kungoja tu. Mwenyewe alijua kuliko wote. Alikwisha kugawa vyungu vyake, jembe lake zuri na kaniki zake mbili, akabakiza ombi moja, nalo alimpa binti yake mkubwa, Mwaisha, asubuhi moja alipokuwa akimsugua mgongo kwa mafuta ya nyonyo.

"Mnilaze Kwa Mabibi," alisema. "Ubavuni mwa mama yangu. Msinifukie bondeni kama mpagazi aliyefia njiani."

Mwaisha alimwambia hilo halikuwa hata la kuombwa. Akaendelea kusugua. Hakuwa mtu wa maneno mengi ya kubembeleza, na mama yake hakuwa mtu wa kuyataka. Mwaisha naye watoto wake watatu aliwalea hivyo hivyo, na mumewe alipoondoka kwenda kubeba mataruma ya reli upande wa Kilosa asirudi, alilia siku ya kwanza, siku ya pili akaenda kupalilia.

Kwa Mabibi palikuwa kichwani mwa bonde, mahali penye mikulo mikubwa. Zamani, wazee walisimulia, mikulo ilishuka hata karibu na Mlali, lakini watu walikata wakalima, wakakata wakalima, hata ikabaki ile ya juu kabisa mgongoni mwa mlima na ile ya Kwa Mabibi. Mkulo ni mti usiopukutika. Jani lake juu ni kijani cha giza na chini ni jeupe, kwa hiyo upepo ukipiga, mti mzima hugeuka rangi mbele ya macho yako. Ukiujeruhi kwa panga, hutoa harufu ya karafuu maiti, ile ile wanayowekewa wafu ndani ya sanda. Chini ya miti hiyo walilala wanawake wa ukoo wao na kaka za wanawake hao, maana kwao ukoo ni wa mama. Hapakuwa na ukuta wala jiwe lenye jina. Kila mtu alijua nani yuko wapi.

Palikuwa na mwiko mmoja uliozidi mingine. Mtu aliye hai hasemi "pangu" juu ya mahali pale. Pale ni pa waliolala. Anayesema "pangu" amejihesabu miongoni mwao, na nyumba yake haitakawia kufiwa. Watoto walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuwasha moto, na hata mlevi hakuthubutu.

Ndipo Mdachi wa misitu akaja.

Alikuja wakati wa kiangazi, na wapagazi wake, na minyororo ya kupimia, na karani mmoja wa Pangani aitwaye Salum, aliyevaa kanzu safi ambayo milima ilikuwa ikimkomesha kuivaa. Jumbe alikuwa amekwisha kutoa amri kila nyumba ipeleke ndizi, na Mwaisha alipeleka mkungu wake hadi pale walipotua, karibu na Kwa Mabibi. Kwa hiyo aliyasikia yote kwa masikio yake.

Mdachi aliitazama mikulo kwa muda mrefu. Aliupapasa mmoja, akakwaruza gamba kwa kisu, akanusa, akatabasamu. Halafu akauliza neno, na Salum akalipeleka kwa mjomba wake Mwaisha, Kibwana, ndugu wa tumbo moja wa Mwanaasha, ambaye ndiye aliyesemea ardhi ya ukoo. Msitu huu ni wa nani?

Kibwana alivua kofia. Alisema si wa mtu.

Salum akamwuliza tena, maana alikuwa mtu wa kufanya kazi yake sawasawa. Hakuna mwenyewe kabisa?

"Hakuna aliye hai atakayekwambia ni wake," alijibu Kibwana, kwa heshima kubwa. "Ukimpata anayesema hivyo, huyo ni mwendawazimu."

Mwaisha alihisi kama mtu aliyeona sufuria inapinduka na yeye yuko mbali. Alikuwa amekaa misimu miwili akiuza mboga kwenye kambi ya reli kule Kihonda, na aliijua namna ya Wadachi. Mdachi huuliza mara moja. Ukijibu, anaandika, na akishaandika amemaliza, hata ukija na mashahidi kumi. Alifungua kinywa. Kibwana akamgeukia, hakumkaripia, alimtazama tu kama anavyotazamwa mtoto anayetaka kuingia jikoni na miguu ya tope. Mwaisha akafunga kinywa. Salum akasema maneno machache ya Kidachi, machache mno kuliko aliyoyasema mjomba, na Mdachi akaandika.

Njiani kurudi Mwaisha alimwambia mjomba wake kwamba amegawa makaburi. Kibwana alishangaa kweli kweli. Alisema amepajengea boma ambalo hata Mdachi hawezi kulivuka, maana mtu mwenye akili akiambiwa mahali si pa aliye hai, anazunguka njia nyingine.

"Huyo hazunguki, mjomba," alisema Mwaisha. "Huyo akisikia hapana mtu, anaingia."

Haukupita mwezi, jumbe akapiga mbiu. Msitu wote usio na mwenyewe umekuwa wa serikali. Hakuna kuni, hakuna kamba, hakuna gamba la dawa, hakuna kuchimba shimo la namna yoyote. Vigingi vyeupe vilikwisha kupigwa upande wa juu, mgongoni mwa mlima, na askari wa msitu wawili wakajengewa kibanda njiani. Mwanamke mmoja wa kitongoji cha pili alikutwa na mzigo wa kuni za msituni. Walimshusha hadi boma la Morogoro, shingo ndani ya mnyororo, na mwanawe mchanga mgongoni.

Mwaisha hakumficha mama yake. Alimweleza jinsi lilivyo. Mwanaasha alikohoa kwanza, akamaliza, akapangusa mdomo, akauliza kama Mdachi naye atazikwa pale, maana amepapenda sana. Kisha machozi yakamtoka bila sauti, yakaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Mwaisha hakuwahi kumwona mama yake akilia. Alitoka nje akapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Kesho yake alishuka Mlali, alikopiga hema Salum. Alimkuta amekaa juu ya sanduku, anatoa viroboto kwenye soksi. Hakuleta kuku wala hakuleta machozi. Alimwuliza moja kwa moja kitu gani humfanya Mdachi aamini mahali pana mwenyewe.

Salum alimcheka kidogo. "Nyinyi watu wa milimani ni kazi. Mnaulizwa shamba ni la nani, mnajibu ni la malaika."

"Kwenu Pangani makaburi yana mwenyewe?"

"Yana ukuta wa chokaa. Mdachi akiona ukuta anaelewa. Kwenu ameona miti."

Lakini hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na mama naye. Alimweleza kwamba Mdachi anaamini jembe. Penye mahindi pana mtu. Penye miti mitupu hapana mtu, hata kama babu zako wote wamo. Alisema vigingi vya upande wa chini bado havijapigwa. Bwana amekwenda Matombo, atarudi mvua za vuli zikishaanza, afunge mpaka. Akikuta shamba, hawezi kulimeza, sheria yake mwenyewe inamkataza. Itabidi alizungukie.

"Na akikuta mtu anakata?"

"Akikuta mtu anakata, kiboko. Akikuta mtu amekwisha kukata na mahindi yameota, ni mkulima." Salum aliinua mabega. "Mimi sikuzitunga, mama. Ninazisoma tu."

Mwaisha alipanda mlima akipanga kazi kichwani. Mahesabu yake yalikuwa mepesi, na kila mtu wa pale angeyafanya vivyo hivyo. Kwao, mtu anayefungua mguu wa mteremko ndiye mwenye kichwa chake. Ukilima chini, kichaka cha juu yako ni chako hadi mgongoni. Hakuna mwingine atakayethubutu kuweka jembe juu ya kichwa chako, maana maji yake na mawe yake yatakushukia. Hivyo ndivyo mashamba yote ya milima ile yalivyogawanywa tangu zamani, bila kelele. Kwa hiyo hakuhitaji kugusa kaburi hata moja. Angefyeka chini ya Kwa Mabibi, pale penye mikulo isiyo na mtu aliyezikwa chini yake, apande mahindi, na Kwa Mabibi pangekuwa kichwa cha shamba lake.

Alimwuliza mama yake. Mwanaasha aliwaza mchana kutwa. Jioni alisema, "Kata ya chini. Ile ya kwa mama usiiguse hata tawi."

"Sitaigusa."

"Na utasema lile neno?"

"Nitalisema. Lazima mtu aliseme."

Mama yake alimshika mkono. Mkono ulikuwa mkavu kama ganda la mhogo. Hakumkataza.

Walikata wao wawili, Mwaisha na mdogo wake Chausiku, na wanawake wengine wa ukoo waliokuja kwa zamu, wengine kwa moyo, wengine kwa aibu. Wanaume hawakuja, wala askari wa kibandani hawakushuka, maana walilinda vigingi tu, na upande wa chini havikuwapo bado. Mkulo si mti wa kukatwa na wanawake. Mwingine ulichukua siku nzima, shoka likirudi kama limepiga jiwe, viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Chausiku alikuwa mtu wa mzaha hata msibani. Alisema akimaliza kazi hii ataolewa na Mdachi, maana hakuna mwanaume Mluguru atakayethubutu kugombana na mikono yake. Walicheka, wakaendelea.

Harufu ndiyo iliyowashinda. Kila mti ulioanguka ulipasuka na kumwaga karafuu maiti bonde zima. Iliingia kwenye nywele, kwenye nguo, kwenye ugali. Watoto walipokumbatiwa waligeuza uso. Watu waliopita njiani walishika pua na kutoa pole, wakidhani pameoshwa maiti. Mwaisha aliporudi nyumbani jioni ya kwanza, mama yake alifungua macho gizani mwa chumba, akanusa.

"Mmeanza kuniosha?" aliuliza. "Si mngengoja nife kwanza."

Kibwana alikuja siku walipoangusha mti mkubwa wa mwisho. Alisimama pembeni hadi vumbi likatua. Mwaisha alimwamkia shikamoo. Aliitika marahaba, maana adabu ni adabu. Kisha akamwuliza kama ni kweli amesema mbele za watu kwamba mahali hapa ni pake.

"Nimesema."

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu, mjomba. Wewe ulisema si pa mtu, wakachukua. Mimi nimesema ni pangu. Tuone."

Kibwana aliitazama mikulo iliyolala, mingine ikiwa bado inavuja maji kwenye visiki. Alikuwa amezeeka miezi ile. Alisema yeye ndiye mwenye kufungua ardhi ya Kwa Mabibi, kama mjomba wake alivyofungua kabla yake. Pasipo yeye kupiga jembe la kwanza la kaburi hapafunguki. Na kwa mtu aliyesema "pangu" hatapiga jembe. "Ukifiwa," alisema, "usiniite." Akaondoka polepole, akiruka magogo kwa taabu, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyejua kama inafaa kumshika mkono.

Chausiku alisema mjomba atalainika. Mwaisha alisema alainike au asilainike, mahindi yanataka kupandwa.

Walichoma matawi. Magogo waliyaacha yamelala, hawakuwa na nguvu za kuyasogeza, wakapanda katikati yake mahindi na maharage. Walipanda hadi kwenye mkulo wa kwanza wenye kaburi, ule wa bibi mmoja wa zamani sana, na hapo Mwaisha akasimamisha jembe. Hatua chache mbele ndiko alikolala mama wa Mwanaasha. Chausiku alipendekeza wapande hata kidogo humo ndani, kati ya miti, mashimo mawili matatu, Mdachi aone. Mwaisha alifikiri. Mkono wake ulikuwa umeshika mbegu. Kisha akasema hapana, ameahidi, na tena hapana haja; kichwa ni cha mwenye mguu. Akazirudisha mbegu kwenye kibuyu.

Mvua ilinyesha vizuri. Mahindi yaliota mabichi na manene, maana udongo wa mikulo ni mweusi na haujawahi kuchoka. Mwanaasha alikuwa bado hai, kwa ukaidi tu, watu walisema. Alikuwa akila vijiko viwili vya uji na kuuliza mahindi yamefika wapi. Akaambiwa yamefika kifundoni. Akaambiwa yamefika gotini.

Yalipofika gotini Mdachi akarudi.

Aliyaona magogo kwanza. Alisimama kama aliyepigwa. Halafu alianza kwenda kisiki hadi kisiki, akivipima kwa utepe, akiweka kiganja juu ya pete za mti kama anapima homa. Hakupiga kelele. Uso ulimwiva, na aliposema alisema polepole, na Salum akaacha kutazama watu usoni. Salum alieleza kwamba Bwana anasema miti kama hii haiko tena mahali pengi duniani, kwamba imechukua umri wa babu kumi kuota, na kwamba watu hawa wameikata ili wapande mahindi. Anauliza nani mwenye shamba.

Ukoo wote ulikuwepo, na jumbe, na askari. Mwaisha alitoka mbele. Sauti yake ilitoka kama anavyonadi mboga.

"Shamba ni langu. Na mahali pale juu ni pangu. Pamelala bibi zangu."

Mama mmoja alimziba mwanawe masikio.

Mdachi aliuliza, kwa kinywa cha Salum, pake panaanzia wapi na kuishia wapi. Mwaisha alinyoosha mkono: kutoka kijito cha chini hadi mgongo wa mlima. Alieleza habari ya mguu na kichwa. Salum alifasiri, na safari hii alifasiri maneno yote, hata akaongeza yake, na jasho likamtoka. Mdachi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akapita katikati ya mahindi, akipandisha mteremko, akiangalia chini, hadi alipofika kwenye shina la mwisho la hindi, mbele ya mkulo wa yule bibi wa zamani. Hapo akapiga kisigino ardhini.

"Hapa," alisema kwa Kiswahili chake. "Jembe hapa. Shamba hapa."

Wakapiga kigingi pale pale. Vingine vikafuata kulia na kushoto, vikiandama kingo za mahindi kama uzi unaofuata pindo. Palipofikia jembe la Mwaisha palikuwa nje, pake. Ambapo jembe lilisimama kwa heshima, palikuwa ndani, pa serikali. Makaburi yote yalikuwa ndani.

Mwaisha alisema mara mbili kwamba si hivyo, kwamba hivyo sivyo ardhi inavyokwenda. Askari alimsukuma kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu sana. Salum alimwambia kwa sauti ya chini anyamaze, amemwombea asichapwe, na Bwana amekubali kwa kuwa ni mwanamke na mahindi yameota. Magogo yatachukuliwa na serikali. Wanaume wa ukoo watayaburuta hadi Morogoro. Na jambo moja alishike vizuri: shamba ni lake maadamu linalimwa. Bwana atapita kila baada ya msimu. Akikuta limeachwa, akikuta miti imerudi, mpaka utashuka hadi kijitoni.

Wanaume waliburuta magogo. Kibwana alitiwa kambani kama wengine, kwa kuwa ndiye aliyesema mwanzo hapana mwenyewe na sasa mpwa wake amesema pana mwenyewe, na Mdachi aliona amedanganywa na mmoja wao. Alirudi bega limeshuka upande mmoja, na halikupanda tena.

Mwaisha alimwambia mama yake siku ile ile. Chausiku alitaka wamfiche, aondoke na amani yake. Mwaisha alisema mtu hafichwi kitanda chake cha mwisho. Aliketi pembeni akaeleza mpaka ulipopita. Mwanaasha alisikiliza, akauliza kutoka hindi la mwisho hadi kwa mama yake ni mbali kiasi gani.

"Ukitupa jiwe unafika."

"Karibu hivyo," alisema Mwanaasha. Baada ya hapo hakuuliza habari za mahindi tena, na uji aliukataa kwa kugeuza kichwa tu.

Alikufa wiki ile, mchana, Mwaisha akiwa mtoni anafua. Wanawake walimwosha, na badala ya karafuu maiti ya dukani waliweka vipande vya mkulo vilivyobaki shambani, maana vilikuwa vingi. Chausiku alisema wapite kwa juu, kando ya kibanda cha askari, wamwingize mama Kwa Mabibi kwa siri, kaburi la haraka, wafunike kwa majani. Wengine wakaitikia. Wote wakamtazama Mwaisha. Aliwaza mnyororo wa Morogoro. Aliwaza wanawe watatu, na yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Aliwaza pia udongo mbichi unavyoonekana msituni, na askari wakimfukua mama yake ili kuona kilichofichwa. Alisema hapana.

Walimzika shambani, mstari wa mwisho wa mahindi, karibu na kigingi kuliko ilivyoruhusiwa. Mwalimu kutoka Mlali alisoma dua. Wanaume watatu walichimba, na kazi ilikuwa ngumu kwa sababu ardhi yote ilishonwa na mizizi ya mikulo iliyokatwa. Waliikata kwa panga, na kila mzizi ulitoa harufu yake. Kibwana alikuja. Hakuwa ameitwa. Alisimama nje ya mistari ya mahindi, bega lake limefungwa kitambaa, na dada yake aliposhushwa hakusogea. Walipomaliza kufukia, alimwuliza Mwaisha swali moja.

"Hapa ni pa nani?"

"Pangu, mjomba."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolijua, akashuka mlima peke yake. Hakusema neno na mpwa wake tena hadi alipokufa, na kitongojini watu walisema Mwanaasha aliuawa na neno lile, si na kifua. Mwaisha aliyasikia kisimani. Hakubishana. Kulikuwa na siku alizoamini hivyo mwenyewe.

Masika yaliyofuata alikwenda kupalilia. Mikulo ilikuwa imerudi. Haikurudi kwa mbegu. Mbegu za mti ule ni nadra kuota. Ilirudi kutoka kwenye mizizi, machipukizi mekundu membamba yakipenya katikati ya mahindi, shamba zima, mengine marefu kuliko kidole, mengine yamekwisha kufungua majani yenye tumbo jeupe. Chausiku alifurahi kwanza, akapiga vigelegele, halafu akakumbuka kwamba miti ikirudi mpaka unashuka.

Mwaisha alianzia chini. Aling'oa chipukizi moja baada ya jingine, akichimba hadi kwenye mzizi, maana likikatwa juu huota mawili. Alifanya hivyo siku kadhaa, na mwakani akafanya tena, na mwaka uliofuata, Mdachi akipita kila msimu na kuandika kwamba linalimwa. Wanawe walikua wakiijua kazi ile. Mikono yao ilinuka.

Juu ya kaburi la mama yake yaliota matatu pamoja mwaka ule wa kwanza, manene, kwa kuwa udongo pale ulikuwa umetifuliwa vizuri. Chausiku alimwomba ayaache hayo matatu tu. Mti mmoja juu ya kaburi, alisema, Mdachi hatauona. Mwaisha alipiga magoti, akayatazama. Upepo ulikuwa unashuka kutoka ndani ya vigingi, na kule mikulo mikubwa ilikuwa ikigeuka nyeupe, kijani, nyeupe.

"Ataona," alisema. "Kazi yake ni kuona."

Akayakata kwa ncha ya jembe, akaingiza mkono kwenye udongo hadi kiwiko, akautafuta mzizi.